UZI: Kuchagua Linux yenye faragha na isiyosumbua, kwa laptopu za kawaida za Dar

#1 nanga_sinza

Wakuu, salaam zenu.

Swali la "Linux gani ina faragha na ni rahisi" linarudi mara kwa mara, na majibu huwa rundo la majina: huyu anataja Kali, yule Qubes, mwingine Parrot. Muulizaji anabaki pale pale. Uzi huu ni kwa mashine tunazonunua kweli: ThinkPad T460, EliteBook 840 G3, Latitude E7470, zile used zilizopangwa kwenye maduka ya Kariakoo. Zote ni Intel kizazi cha 6. Windows 11 haizikubali rasmi, inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Linux mashine hizi bado ni nzima kabisa.

Kabla ya jina la distro (toleo la Linux lililofungashwa), jibu kwanza: unamficha nani, na unamficha nini? Kwa mkazi wa Dar mimi napanga hivi. Wa kwanza ni mwizi. Begi likikwapuliwa kituoni, SSD inachomolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, na kila kitu kiko wazi, maana nywila ya kuingilia Windows au Linux hailindi diski iliyochomolewa. Wa pili ni fundi unayemwachia laptopu siku mbili abadilishe kioo. Wa tatu ni makampuni ya matangazo yanayokufuata ndani ya kivinjari. Wa nne ni mwenye mtandao: Wi-Fi ya hosteli, ya mgahawa, au kampuni ya simu. Wa tano ni mtu mwenye uwezo anayekutafuta wewe binafsi.

Distro ikiwekwa vizuri inamaliza wa kwanza na wa pili. Kwa wa tatu inasaidia nusu, nusu nyingine ni kivinjari. Kwa wa nne msaada wake ni mdogo sana: laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuhama Windows hakubadilishi hilo hata chembe. Wa tano anahitaji vifaa vingine, tutafika.

Chaguo langu kwa walio wengi ni Linux Mint Cinnamon, diski nzima ikiwa imesimbwa (imefungwa isisomeke bila nywila) kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029. Haitumi takwimu za matumizi yako popote, na Snap, mfumo wa Ubuntu wa kusambaza programu, umezuiwa tangu Mint 20 ya mwaka 2020. Menyu iko kona ya chini kushoto, aliyetoka Windows hapotei. RAM GB 8 inatosha bila shida. Ukiwa na GB 4 chukua toleo jepesi la Xfce, ingawa mlaji mkubwa wa RAM ni kivinjari, si Mint.

Sasa pale wengi wanapokosea. Kusimba diski hufanywa WAKATI wa kusakinisha. Baadaye haiwezekani bila kuanza upya, au bila hatua za hatari ambazo simshauri mtu mgeni. Ukifika kwenye ukurasa wa aina ya usakinishaji, chagua kufuta diski yote, kisha bonyeza kitufe cha "Advanced features", chagua LVM (mfumo wa kugawa diski), halafu weka tiki kwenye kisanduku cha kusimba. Kisanduku hicho kiko ndani ya dirisha dogo ambalo halifunguki lenyewe, ndiyo maana mtu anamaliza kusakinisha akiamini amefungiwa kumbe yuko wazi. Ukaguzi ni huu:

`lsblk -o NAME,TYPE,FSTYPE,MOUNTPOINT`

Usipoona neno `crypto_LUKS` kwenye kigawanyo kikubwa (kwa kawaida `sda3`), hujasimba. Rudia leo, kabla hujajaza mafaili.

Nywila ya diski iwe maneno sita au saba yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati nasibu: chukua kamusi, fungua kurasa bila kuangalia. Usitumie methali, aya, wala mstari wa wimbo. Hivyo ndivyo vitu vya kwanza kuingizwa kwenye orodha za kubahatisha. Na hakuna "umesahau nywila" hapa. Ukiisahau, data imekwenda. Iandike kwenye karatasi na uihifadhi nyumbani, mbali na begi la laptopu.

#2 Zaituni_K

Shukrani kwa uzi, kaka. Nakubaliana na mpangilio wa vitisho. Kwa Mint sikubaliani moja kwa moja, na sababu yangu ni X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini.

Cinnamon kwa chaguo-msingi bado inatumia X11. Ndani ya X11 programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusoma kila kitufe unachobonyeza kwenye dirisha la programu nyingine, na kupiga picha ya skrini bila kuuliza. Programu moja mbovu uliyoipakua mahali fulani inasoma nywila ya benki unayoandika kwenye kivinjari. Distro ya Fedora Workstation inatumia Wayland, mrithi wa X11, ambayo inatenganisha madirisha. SELinux (ulinzi unaobana kila programu) imewashwa na inazuia kweli, firewalld (fayawoli) imewashwa, na kernel (kiini cha mfumo) ni ya karibuni.

Faida nyingine: kisakinishi cha Fedora kinaweza kusimba Linux ndani ya nafasi tupu uliyoiacha kando ya Windows. Kile cha Mint, ukichagua kukaa na Windows kwenye diski moja, chaguo la kusimba linapotea, unabaki kugawa diski kwa mkono. Anayelazimika kubaki na Windows kwa ajili ya programu za uhasibu kama Tally au QuickBooks ya mezani, Fedora inamfaa zaidi.

#3 nanga_sinza

Dada Zaituni, hoja ya X11 ni ya kweli na siipunguzi. Ninachoangalia ni nani atakaa na mashine hiyo. Kila toleo la Fedora linahudumiwa kama miezi 13, maana yake mara moja kwa mwaka kwa uchache unapandisha mfumo mzima, gigabaiti kadhaa kwa mkupuo, na kati ya hapo masasisho ni mengi. Mtu anayenunua bando la wiki ataahirisha, ataahirisha tena, hatimaye yuko kwenye toleo lililokufa. Mfumo wenye ulinzi bora usiosasishwa ni dhaifu kuliko wa kawaida unaosasishwa.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi: mwenye fiber nyumbani au ofisini, RAM GB 8 na kuendelea, na anayekubali kupandisha mfumo kila mwaka, Fedora. Mwenye bando, Mint.

Na kwenye Mint madhara ya X11 yanapungua ukichukua programu kutoka kwenye Kisimamizi cha Programu pekee, bila kupakua mafaili ya programu ya `.deb` kwenye tovuti zisizojulikana. Mint 22 inaficha Flatpak (programu zilizofungashwa kwa distro zote) ambazo hazijathibitishwa na watengenezaji wake. Usiende kwenye mipangilio kuzifichua.

#4 Zaituni_K

Hapo kwenye bando tumeelewana. Kwa watakaochagua Fedora wakiwa na hotspoti ya simu, waambie mfumo kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kiasi, usipakue masasisho yenyewe usiku:

`nmcli connection modify "JinaLaHotspoti" connection.metered yes`

Jingine la Fedora: mara moja kwa wiki dnf (programu ya masasisho ya Fedora) inapoomba orodha ya vioo (seva zenye nakala) inaongeza alama ndogo inayoitwa countme, inayosema mfumo una umri wa kundi gani. Haina namba ya utambulisho wako. Anayetaka kuizima, aweke `countme=0` kwenye mafaili ya `/etc/yum.repos.d/`. Video za aina fulani hazitacheza mpaka uongeze hazina ya RPM Fusion na kubadilisha ffmpeg:

`sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing`

Wengi wanadhani mashine ni mbovu kumbe ni leseni za kodeki tu.

#5 chipukizi_ubungo

Wakuu, vipi Kali? Vijana wengi chuoni wanaitumia na wanasema ndiyo salama kuliko zote. Na Ubuntu yenyewe mbona mnairuka?

#6 mzee_wa_seva

Mdogo wangu, Kali ni sanduku la vifaa vya wapima usalama. Waandishi wake wenyewe wanaeleza kwenye maelezo yao kwamba haifai kwa asiyeijua Linux. Imepangwa kwa ajili ya kushambulia mfumo uliopewa ruhusa kuujaribu. Faragha ya mtumiaji wa kila siku haikuwa lengo. Ndani yake kuna mamia ya programu usizozihitaji, na kila moja ni mlango. Inafuata mkondo wa masasisho usiokoma, sasisho moja linaweza kuvunja draiva siku ya mtihani. Ukitaka kujifunza, iweke ndani ya VirtualBox (kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako) juu ya Mint.

Ubuntu ina historia. Toleo la 12.10, Oktoba 2012, lilituma maneno uliyotafuta kwenye menyu ili kuleta bidhaa za Amazon. Kelele zilikuwa kubwa, na kufikia 16.04 jambo hilo lilizimwa kwa chaguo-msingi. Leo Ubuntu inakuuliza waziwazi mwanzoni kama unakubali kutuma taarifa za mashine, ukikataa, imekataliwa. Si mfumo mbaya. Ila Firefox yake inakuja kwa Snap, na seva ya Snap ni ya Canonical, kampuni ya Ubuntu, peke yao, huwezi kuielekeza kwingine. Mint inatoa msingi ule ule bila hilo.

Debian ni nzuri na safi. Tangu Debian 12 ya Juni 2023 kisakinishi rasmi kina firmware za Wi-Fi ndani yake, kikwazo kikubwa kilichokuwa kinawashinda wageni. Inahitaji mkono kidogo zaidi baada ya kusakinisha.

Qubes ndiyo imara kuliko zote hizi kwa kutenganisha kazi, kila kazi ndani ya mashine yake pepe juu ya Xen. Inapendekezwa RAM GB 16, na kichakataji chenye VT-x na VT-d (uwezo wa kuendesha mashine pepe) zilizowashwa kwenye BIOS. Faili la kusakinisha linazidi GB 5. Neno "isiyosumbua" lililoko kwenye kichwa cha uzi halikai nayo.

#7 Mdau_Tegeta

Naongeza upande wa vifaa, maana uchaguzi wa distro hauna maana kama laptopu yenyewe ina kasoro. Ukiwa dukani, kabla ya kutoa hela, omba uwashe kwa flashi yako ya Live (Linux inayowaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa). Lenovo ni F12, Dell F12, HP F9. Kuingia BIOS: Lenovo F1, Dell F2, HP F10.

Angalia mambo manne. La kwanza, BIOS isiwe na nywila ya msimamizi. ThinkPad yenye nywila hiyo hutaweza kubadilisha mpangilio wa Secure Boot (ukaguzi wa saini mashine inapowaka) wala kitu kingine cha maana, na kuiondoa ni kazi ya kuchokonoa bodi. La pili, kwenye sehemu ya usalama ya BIOS tafuta Computrace au Absolute. Ikisomeka imewashwa, mashine ilikuwa ya kampuni fulani na ufuatiliaji wake haukufungwa. Wakala wake hufanya kazi ndani ya Windows, lakini mimi nairudisha mashine hiyo dukani, kwa sababu huna hakika imetoka vipi kwa mwenyewe. La tatu, fungua programu ya Diski ndani ya Live na usome SMART (taarifa za afya ya diski): sekta zilizohamishwa na zinazosubiri ziwe sifuri. Zikianza kupanda diski inakufa, na diski iliyosimbwa ikifa kuokoa data ni kugumu maradufu. La nne:

`grep -m1 -o aes /proc/cpuinfo`

Likitokea neno `aes`, kichakataji kina maelekezo ya kusimba ndani yake na hutahisi uzito wowote. Core i5 za kizazi cha 6 zote zinayo. Vimashine vya Atom na Celeron za zamani vingi havina, hivyo ukivisimba vinakokota. `cryptsetup benchmark` inakuonyesha kasi halisi.

Na flashi. Flashi bandia ni nyingi, imeandikwa GB 64 ndani ina 8. Unaandika ISO (faili la kusakinisha Linux), inakubali, halafu usakinishaji unakatika katikati kwa makosa yasiyoeleweka na unailaumu Mint. Ipime kwanza, inafuta kila kilichomo (badala ya `sdX` weka jina la flashi yako kama `lsblk` inavyolionyesha):

`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX`

#8 nanga_sinza

Mdau umesema la maana. Hapo hapo kwenye flashi niweke na uhakiki wa ISO, hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza watu kwenye ISO ya 17.3 Cinnamon iliyowekewa mlango wa nyuma. Kuhakiki saini ndiyo njia ya kugundua ISO ya namna hiyo. Hii ndiyo sababu ya kutokopi ISO kutoka kwa rafiki, wala kwenye duka linalouza "Linux kwenye flashi", bila kuipima.

Pakua ISO, `sha256sum.txt` na `sha256sum.txt.gpg`, viweke kwenye folda moja. Kisha:

`gpg --keyserver hkp://keys.openpgp.org:80 --recv-key 27DEB15644C6B3CF3BD7D291300F846BA25BAE09`
`gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt`
`sha256sum -c --ignore-missing sha256sum.txt`

Ya pili lazima iseme saini ni nzuri. Onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini ni la kawaida, linganisha tu alama ya ufunguo na hiyo juu. Ya tatu lazima iseme OK. Aliye Windows: `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, kisha alinganishe herufi kwa herufi. Ukilinganisha hashi (zile herufi za SHA256) tu bila saini, umejua faili halikuharibika njiani, hujajua limetoka kwa nani. Mwaka 2016 aliyeingia kwenye tovuti angeweza kubadilisha hashi pia.

ISO ya Cinnamon ni karibu GB 3. Tumia torenti kama bando linakatika, inaendelea ilipoishia na inajihakiki vipande vipande.

#9 Bi_Rehema

Habari zenu. Ofisi ndogo ya msaada wa kisheria, laptopu 9, zote aina ya HP 15, Wi-Fi ni Broadcom. Live ya Mint haioni Wi-Fi kabisa. Je, tubadilishe distro? Na tunatunza mafaili ya wateja, kuna la ziada tulifanye?

#10 mzee_wa_seva

Karibu sana Bi Rehema. Distro usibadilishe, kadi hiyo ingekusumbua kote. Thibitisha kwanza:

`lspci -nn | grep -i network`

Ikisema BCM43142 au ndugu zake, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe ushirikishaji wa intaneti kwa USB. Mint inaiona kama waya wa mtandao papo hapo. Sakinisha mfumo, kisha fungua Kisimamizi cha Draiva na uchague ya Broadcom.

Mtego uko kwenye Secure Boot. Draiva hiyo inajengwa kwenye mashine yako, haina saini ya Microsoft, kwa hiyo utaombwa kutunga nywila, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu ikitaka uandikishe ufunguo. Skrini hiyo inakaa sekunde chache tu. Ukiipita, draiva ipo lakini haipakiwi, na Wi-Fi inabaki imekufa. Chagua kuandikisha ufunguo, weka nywila ile, endelea. Ukiwa umeshaipita, tumia `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der` na uwashe upya.

Kwa laptopu 9, usizisasishe kila moja kwa bando lake. Chagua kompyuta moja inayokaa ofisini, weka `apt-cacher-ng` inayotunza vifurushi vilivyopakuliwa, ipe kompyuta hiyo anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kwenye nyingine tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00kache` lenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Kila kifurushi kinashuka mara moja, zilizobaki zinachukua ndani. Kwa Flatpak haifanyi kazi, na laptopu ikitoka nje ya ofisi apt itagoma mpaka uondoe faili hilo. Kwa hiyo zile za mezani zibaki nalo daima, za kutembea nazo zisasishwe kabla ya kutoka.

Mafaili ya wateja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Laptopu ikiibiwa ikiwa imesimbwa na IMEZIMWA, una la kueleza. Nasisitiza imezimwa. Ukifunika kioo tu ikalala, ufunguo uko kwenye RAM na diski iko wazi nyuma ya skrini ya nywila. Kwenye mipangilio ya umeme fanyeni kufunika kioo kuwe kuzima kabisa kwa zile zinazotoka ofisini.

Diski ya nakala nayo isimbwe, kwa programu ya Diski, chagua Ext4 na LUKS. Windows haitaisoma. Timeshift (programu ya Mint ya kupiga picha za mfumo) iliyoko kwenye diski ile ile inarudisha mfumo ukiharibika, lakini haina hadhi ya nakala ya akiba.

#11 Bi_Rehema

Asante sana Mzee. Printa zetu ni HP P1102 na Canon LBP2900.

#12 mzee_wa_seva

P1102 itakubali: `sudo apt install hplip-gui`, kisha `hp-plugin` ukiwa na intaneti, maana inahitaji kipande cha ziada cha HP. LBP2900 inatumia lugha ya Canon iitwayo CAPT na ni msumari. Iacheni kwenye kompyuta ya Windows kama ipo. Mkinunua mpya, tafuteni inayokubali IPP au PostScript.

#13 Zaituni_K

Sasa mtandao, maana nanga alisema distro haisaidii sana hapo. Kuna machache yanayosaidia.

Wakati wa kusakinisha, kisakinishi kinajaza chenyewe jina la kompyuta, mfano `rehema-HP-15`, na jina hilo linatangazwa kwa kila ruta unayoungana nayo. Andika `laptop` tu. Ukiwa umeshasakinisha: `sudo hostnamectl set-hostname laptop`, kisha badilisha na mstari wa 127.0.1.1 ndani ya `/etc/hosts`. Ukiusahau, sudo italalamika kila mara na itachelewa kujibu.

Anwani ya MAC (namba inayotambulisha kadi ya Wi-Fi): tengeneza `/etc/NetworkManager/conf.d/mac.conf`:

`[connection]`
`wifi.cloned-mac-address=stable`

Halafu `sudo systemctl restart NetworkManager`. Neno `stable` linatoa anwani moja kwa kila mtandao, ya Mlimani tofauti na ya mgahawa, ila pale pale haibadiliki. `random` inabadilika kila ukiungana, na Wi-Fi zinazokumbuka kifaa chako baada ya kulipia zitakudai tena. Kadi chache za zamani zinagoma. Futa faili, maisha yanaendelea.

Kivinjari: Firefox, ulinzi dhidi ya wafuatiliaji kwenye kiwango cha juu, HTTPS pekee kila mahali, zima ukusanyaji wa data wa Mozilla, ongeza kizuia matangazo uBlock Origin. Basi. Usirundike viongezi kumi, mchanganyiko wenyewe unakuwa alama ya kukutambua. uBlock Origin kamili haifanyi kazi tena kwenye Chrome baada ya Google kuondoa Manifest V2, mfumo wa viongezi ilioutegemea. Washa DNS (huduma ya kutafuta anwani za tovuti) kupitia HTTPS, mtoa huduma Quad9. Elewa mipaka yake: maswali ya DNS yanafichika, lakini jina la tovuti bado linaonekana mwanzoni mwa muunganisho wa TLS (uliosimbwa) kwa tovuti nyingi. Kampuni ya simu haioni ukurasa gani, inaona tovuti gani.

Na fayawoli ya Mint inakuja IMEZIMWA. `sudo ufw enable`, sekunde mbili.

#14 chipukizi_ubungo

Kwa hiyo VPN na Tails zinaingia wapi? Huyo mtu wa tano wa nanga.

#15 nanga_sinza

VPN inahamisha imani: badala ya kampuni ya simu, anayeona ni mwenye VPN. Na kwetu kuna sheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zijisajili, kwa msingi wa Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020. Ofisi kama ya Bi Rehema isome tangazo hilo na kukamilisha usajili kabla ya kuunganisha chochote. Mtu asikudanganye kwamba Linux inakuondolea wajibu huo.

Tails ni kitu tofauti na Mint, wala haishindani nayo. Inakaa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, inahitaji RAM GB 3, inapitisha kila kitu ndani ya Tor (mtandao unaoficha unakotoka), na ukizima haiachi alama kwenye diski. Ukitaka kutunza mafaili unawasha hifadhi ya kudumu iliyosimbwa kwenye flashi hiyo hiyo. Ni ya kazi maalumu: mwandishi anayepokea nyaraka, mtu anayemsaidia mwanamke aliyetendewa ukatili, ambaye mumewe anakagua kompyuta ya nyumbani. Kwa kazi ya kila siku itakuchosha. Kasi ni ndogo, na benki zikiona umeingia kutoka nchi nyingine kila dakika kumi zinafunga akaunti.

Makosa matatu yanayoivunja. Kuingia kwenye akaunti yenye jina lako halisi ndani ya kikao kile kile; Tor imeficha njia, wewe umejitaja. Kuacha miezi bila kusasisha, wakati toleo jipya hutoka kila baada ya wiki nne au tano. Na kusahau kwamba mwenye mtandao anaona unatumia Tor, hata kama haoni unafanya nini. Kuna madaraja ya obfs4 ya kupunguza hilo, yanachaguliwa kwenye skrini ya kuunganisha.

#16 Mdau_Tegeta

Mkuu nanga, malizia na kichwa cha LUKS. Watu wanapoteza diski nzima kwa sababu ya megabaiti chache za mwanzo.

#17 nanga_sinza

Kweli. Mwanzoni mwa kigawanyo kilichosimbwa kuna kichwa chenye funguo. Kikiharibika, hata nywila sahihi haifungui. Chukua nakala mara tu baada ya kusakinisha, ukiangalia kwanza `lsblk` kama ni `sda3` au `nvme0n1p3`:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img`

Ihifadhi kwenye flashi nyingine, nyumbani. Jihadhari: nakala hiyo inabeba nywila ya siku ile. Ukibadilisha nywila kwa `luksChangeKey` kwa sababu mtu aliiona, nakala ya zamani bado inafunguka kwa nywila ya zamani. Iharibu, chukua mpya.

Siku unauza laptopu: `sudo cryptsetup luksErase /dev/sda3`. Inafuta funguo zote kwa sekunde moja na diski nzima inakuwa takataka isiyosomeka, ilimradi hakuna nakala ya kichwa iliyobaki mahali. Na ukimpelekea fundi kioo au kibodi, izime kabisa, usimpe nywila ya diski. Mwachie flashi ya Live ya Mint. Atapima kioo, sauti, Wi-Fi na vitufe vyote kwa hiyo.

#18 Bi_Rehema

Hilo la flashi ya fundi hatukuliwaza kabisa. Laptopu mbili zinakwenda kwa fundi kesho, tunaandaa flashi usiku huu.